Node-RED, EdgeX Foundry, edgeConnector au Ignition: Ulinganisho kwa Kiwanda Kinachotaka Kuunganisha Mitambo na Ofisi

Katika kiwanda cha kufungasha chai, kusaga unga au kusafisha mafuta ya kula, kidhibiti cha mtambo, ambacho mafundi hukiita PLC, huwa na hesabu kamili ya kila mfuko na kila chupa iliyopita tangu zamu ilipoanza. Hesabu hiyohiyo, hata hivyo, huifikia programu ya stoo na uhasibu saa nyingi baadaye, baada ya kuandikwa kwa kalamu na msimamizi wa zamu, kupelekwa ofisini, na kuchapwa upya na karani ambaye hauoni mtambo wenyewe. Viwanda vya Shimanzi, Changamwe na Miritini hapa Mombasa vinavyotaka kuiondoa safari hiyo ya karatasi vina njia nyingi za kufanya hivyo kwa programu zinazoendeshwa ndani ya kontena, na hapa nitazilinganisha nne kwa undani, kwa sababu mambo yanayosifiwa katika matangazo yake siyo yatakayomsaidia au kumsumbua fundi wa Mombasa.

Kontena, kwa maana ya programu, ni kifurushi kinachobeba programu pamoja na maktaba na mipangilio yote inayoihitaji, ili iendeshwe vilevile katika kompyuta yoyote yenye Docker au Podman, ambazo ni programu za kuendeshea kontena. Faida yake kiwandani haikuwa dhahiri tangu mwanzo. OPC ya kwanza, kiwango cha mawasiliano ya viwandani kilichotolewa mwaka 1996 ili programu za ofisini ziweze kusoma vidhibiti vya kampuni mbalimbali, ilitegemea teknolojia za Windows zilizokuwa ngumu kuzipitisha kati ya mitandao miwili, na kila kompyuta ilipobadilishwa kazi ya kusakinisha ilianza upya. OPC UA, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 2006, ilijitenga na Windows, na Docker ilipotoka mwaka 2013 ikawezekana kuiweka programu ya kuunganisha ndani ya kifurushi kimoja, kukihifadhi, na kukirudisha kwa dakika chache kompyuta ikiungua. Katika mji wenye unyevu na chumvi hewani kama huu, ambako kompyuta ndogo iliyofungwa kando ya mtambo haiishi miaka mingi, uwezo huo wa kurudisha kila kitu haraka una thamani kuliko sifa nyingine zote.

Nimezipima programu hizi kwa swali moja linaloamua zaidi kuliko idadi ya itifaki zinazotajwa katika kurasa za mauzo: data ikikoma kufika ofisini saa nane usiku, ni nani aliye kiwandani atakayejua pa kutazama? Kiwanda kinachoweza kumtaja mtu huyo kwa jina kina uhuru mkubwa wa kuchagua, na kisichoweza kumtaja kinafaa kulipia programu yenye watu wa kupigiwa simu, hata kama bei yake ni ya dola na meneja wa fedha hataifurahia.

Node-RED

Node-RED ilianzia IBM mwaka 2013 na sasa iko chini ya OpenJS Foundation. Ni programu huria isiyo na ada ya leseni. Mtumiaji huifungua ndani ya kivinjari, akaburuta visanduku na kuviunganisha kwa mistari: kisanduku kimoja husoma kidhibiti, cha pili hubadilisha vipimo, cha tatu hutuma matokeo kwenye hifadhidata au kwenye programu ya biashara. Fundi wa umeme aliyezoea kusoma michoro ya saketi huielewa haraka, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa mtu anayeujua mtambo huweza kujenga muunganisho mwenyewe bila kumngojea mwandishi wa programu kutoka Nairobi. Vipo visanduku vya Modbus, vya Siemens S7, vya OPC UA na vya MQTT, yaani lugha ambazo vidhibiti, mita na programu huzungumza, na kompyuta ndogo ya bei nafuu huiendesha bila taabu.

Udhaifu wake unatokana na uhuru huohuo. Visanduku vingi vya kusoma vidhibiti vimeandikwa na watu wa kujitolea, vingine vinatunzwa vizuri na vingine vimeachwa, hivyo ni lazima kutazama kila kimoja kilisasishwa lini kabla ya kukitegemea. Ukurasa wake wa kuhariri michoro, kwa mipangilio ya kuanzia, hauna nenosiri kabisa, na yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kuufungua kupitia mlango wa mtandao (port) namba 1880 na kubadilisha kila kitu. Vilevile, kumbukumbu za muda zinazoshikwa na visanduku hupotea programu inapozimika, isipokuwa zimeagizwa ziandikwe kwenye diski. Hesabu ya mifuko iliyokuwa ikijumlishwa ndani ya Node-RED yenyewe hurudi sifuri baada ya umeme kukatika, na hapo ofisi hupata zamu iliyozalisha nusu ya kilichotoka kweli. Dawa ni kuiacha jumla ndani ya PLC, au kuiandika kwenye hifadhidata kila dakika, na kuhakikisha kwamba folda ya /data ya kontena imefungwa kwenye hifadhi ya kudumu nje ya kontena. Anayesahau hatua hiyo ya mwisho hupoteza michoro yote siku anapoweka toleo jipya.

Jambo jingine ambalo halionekani mapema ni utunzaji. Michoro ya Node-RED hukua kama mizizi ya mkoko, na baada ya mwaka mmoja mchoro uliochorwa na fundi mmoja bila maelezo huwa mgumu kwa fundi wa pili. Napendekeza kila mchoro uwe na maelezo ya Kiswahili au ya lugha yoyote wanayoielewa mafundi wote wa zamu, na faili ya flows.json, inayohifadhi michoro hiyo, inakiliwe nje ya kompyuta hiyo kila inapobadilishwa.

EdgeX Foundry

EdgeX ilianzishwa chini ya Linux Foundation mwaka 2017 kutokana na kazi iliyofanywa na Dell, na ni huria kwa leseni ya Apache 2.0. Tofauti na Node-RED, si kontena moja. Ni kundi la huduma ndogondogo, nyingi zimeandikwa kwa lugha ya Go, kila moja ikiwa ndani ya kontena lake: huduma za kusoma vifaa, huduma ya kushika data, huduma ya kumbukumbu za vifaa, huduma ya amri, na huduma za kupeleka data nje. Kila aina ya kifaa huelezwa katika faili inayotaja vipimo vyake, na faili hiyo ikishaandikwa kwa mita moja ya umeme inatumika kwa mita zote za aina hiyo. Kiwanda chenye mita hamsini zinazofanana hupata nafuu kubwa kwa utaratibu huu, na uwezo wa kuhifadhi data na kuituma tena mawasiliano yanaporudi umo ndani ya zana zake za kupeleka data nje.

Hata hivyo, sioni kwamba EdgeX inakifaa kiwanda cha kawaida cha hapa. Inahitaji mtu anayeelewa Linux, mitandao ya kontena na faili za mipangilio kwa kina, na matoleo yake makubwa yamewahi kubadilisha mambo ya msingi kiasi kwamba kuhama kutoka toleo moja hadi jingine ni kazi ya kupangiwa muda. Inawafaa zaidi wanaotengeneza bidhaa ya kuuzia viwanda vingi, au kampuni yenye matawi Mombasa, Athi River na Kampala inayotaka mfumo uleule kila mahali na yenye kikundi chake cha wataalamu wa programu.

edgeConnector

Familia ya edgeConnector hutengenezwa na Softing, kampuni ya Ujerumani, na ni bidhaa ya kulipia. Nimeiteua iwakilishe kundi zima la viunganishi vya namna hii: kontena moja lenye kazi moja, yaani kuzungumza na vidhibiti vya aina fulani, kama vile Siemens SIMATIC S7, na kuitoa data kwa OPC UA au MQTT ili programu nyingine ziichukue. Haina michoro wala hesabu ngumu. Mipangilio hufanywa kwa kivinjari au kwa njia ya REST, ambayo huiwezesha programu nyingine kutuma maagizo, na mpangilio mmoja uliokamilika unaweza kunakiliwa kwenye kontena jingine.

Ufinyu huo wa kazi ndio unaoifanya iaminike. Kitu kinachofanya jambo moja huharibika kwa njia chache, na fundi wa usiku anaweza kupewa ukurasa mmoja wa maelekezo: tazama kama kontena linaendeshwa, tazama kama kidhibiti kinajibu, lizime na kuliwasha, piga simu namba hii. Kwa viwanda vyenye vidhibiti vya Siemens kuna sababu nyingine nzito. Vidhibiti vya S7-1200 na S7-1500 huweza kuhifadhi data katika mafungu yaliyopangwa kwa namna ambayo anwani za kawaida haziwezi kuyasoma, na visanduku vya S7 vya Node-RED hutumia anwani hizo. Ili visanduku hivyo vifanye kazi, ni lazima fundi aingie ndani ya programu ya PLC, aubadilishe mpangilio wa mafungu, na aruhusu mawasiliano ya PUT/GET, ambayo hayaulizi nenosiri la kila mtumiaji. Meneja mwenye mtambo ulio chini ya dhamana ya mtengenezaji hatakubali programu ya PLC iguswe, na yuko sahihi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji wa kiunganishi chochote ni kama kinasoma mafungu hayo kwa majina yake bila kubadilisha chochote ndani ya kidhibiti. Ikumbukwe pia kwamba S7-1500 nyingi zina seva ya OPC UA ndani yake, inayohitaji leseni ya Siemens pekee. Mwenye vidhibiti viwili vya namna hiyo huenda asihitaji kununua kiunganishi hata kidogo.

Upungufu wa njia hii ni kwamba kiunganishi hakimalizi kazi. Data iliyotoka kwa OPC UA bado inahitaji kitu cha kuigeuza iwe idadi ya katoni na kuiingiza kwenye programu ya biashara kama Odoo au SAP, na mara nyingi kitu hicho huwa Node-RED ileile.

Ignition

Ignition ya Inductive Automation, kampuni ya California, Marekani, ni jukwaa zima: husoma vidhibiti vya aina nyingi, huhifadhi historia, huchora skrini za waendesha mitambo, na huzungumza na hifadhidata za SQL. Leseni yake ya kawaida huhesabiwa kwa seva na moduli, bila kikomo cha idadi ya tagi (kila kipimo kinachosomwa) wala ya watumiaji, jambo linaloitofautisha na mifumo ya zamani iliyotoza kila tagi. Kifurushi rasmi cha Docker kipo, na hali ya majaribio hukuruhusu kuitumia kwa saa mbili kisha kuianzisha tena mara nyingi upendavyo, hivyo fundi anaweza kuijaribu kikamilifu kabla ya senti moja kutoka. Mafunzo yake ya mtandaoni ni ya bure, na kwa maoni yangu ndiyo mazuri kuliko ya wenzake wote waliotajwa hapa.

Pamoja na hayo, kuinunua kwa ajili ya kupeleka hesabu za mifuko ofisini pekee ni matumizi makubwa kuliko haja. Thamani yake huonekana pale kiwanda kinapokuwa pia kinabadilisha skrini za kuendeshea mitambo au kinahitaji historia ya vipimo vya miaka. Ndani ya kontena, suala la leseni linahitaji uangalifu: leseni iliyofungwa kwenye kompyuta moja hailingani na kontena linaloweza kuhamishwa, na kwa sababu hiyo kuna leseni za kukodi ambazo huhuishwa kwa kuwasiliana na seva ya leseni ya mtengenezaji kupitia intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora kwa siku kadhaa, na Mombasa ilihisi ingawa nyaya hizo zinatua papa hapa pwani. Muuzaji aeleze kwa maandishi nini hutokea leseni isipoweza kuhuishwa, na kwa muda gani mfumo utaendelea.

Mambo ambayo hakuna programu kati ya hizi itakayokutatulia

Modbus, iliyobuniwa na Modicon mwaka 1979, bado ndiyo lugha ya mita nyingi za umeme, mizani na vibadilisha kasi vya mota viwandani mwetu. Rejista yake moja hubeba biti 16 tu, hivyo namba kubwa au yenye desimali hugawanywa katika rejista mbili, na watengenezaji hawakukubaliana ni nusu ipi itangulie. Ukiona mita ikisoma kilowati mabilioni, usilaumu programu. Badilisha mpangilio wa nusu hizo kwanza. Kihesabu cha biti 16 nacho hufika 65,535 kisha hurudi sifuri, na mfumo usiolitambua hilo utaiambia ofisi kwamba uzalishaji umekuwa hasi. Mita za zamani zinazotumia waya wa RS-485 zinahitaji kigeuzi cha kuziingiza kwenye mtandao wa kawaida, na nashauri kigeuzi chenye kebo ya mtandao badala ya cha USB, kwa sababu kontena hupata shida kukiona kifaa cha USB kinapochomolewa na kurudishwa.

Saa ni jambo linalopuuzwa zaidi. Kontena nyingi huanza kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo siku mpya kwa kontena huanza wakati hapa ni saa tisa usiku. Zamu inayoanza saa mbili usiku itakatwa vipande viwili mahali pasipostahili, na ripoti ya mifuko haitalingana na ya stoo hata siku moja. Data ihifadhiwe kwa UTC na ripoti zote zigeuzwe kuwa saa za Afrika Mashariki (Africa/Nairobi) mahali pamoja panapojulikana.

Umeme ukikatika na kurudi, kontena lazima liwe limeagizwa kujiwasha lenyewe, na kompyuta iwe na UPS ya kuiwezesha kuzimika kwa utaratibu. Kumbukumbu za matukio zinazoandikwa na Docker hazina kikomo kwa mipangilio ya kuanzia. Zisipowekewa kikomo hujaza diski polepole, na mfumo hukoma miezi mingi baada ya aliyeusakinisha kuondoka. Pia Docker hufungua milango ya mtandao kwa kupita kando ya ngome ya kawaida ya Linux, kwa hiyo fundi anayeamini kwamba ufw, programu ya kusimamia ngome hiyo, imefunga mlango 1880 huenda amekosea. Njia salama ni kompyuta yenye kadi mbili za mtandao, moja upande wa mitambo na moja upande wa ofisi, na kila mlango kufungwa kwenye anwani moja tu inayohitajika.

Kuhusu upande wa ofisi, nasisitiza data ipite kwanza kwenye jedwali la kati, ithibitishwe na msimamizi wa zamu, ndipo iingie kwenye programu ya uhasibu. Programu hiyo ndiyo pia hutoa ankara zinazofika KRA, mamlaka ya kodi, kupitia mfumo wake wa eTIMS, na kosa la kihisi kimoja halifai kufika huko. Katika miezi ya mwanzo muunganisho uwe wa kusoma tu. Ruhusa ya ofisi kuandika ndani ya PLC inahitaji mjadala wa usalama wa watu wanaofanya kazi karibu na mitambo. Na ikiwa majina ya waendesha mitambo yataambatana na hesabu zao, hizo ni data binafsi chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data, na wafanyakazi wana haki ya kuelezwa zinakusanywa kwa sababu gani.

Ningechagua ipi

Kwa kiwanda chenye laini moja au mbili, mita za Modbus na fundi mmoja anayependa kujifunza, ningeanza na Node-RED pamoja na Mosquitto, ambacho ni kituo chepesi cha ujumbe wa MQTT, na fedha zilizookolewa ningezitumia kununua kompyuta ya pili ya akiba na kumpeleka fundi wa pili mafunzoni. Kwa kiwanda chenye vidhibiti vya Siemens ambavyo havifai kuguswa, na hasa kinachofanya kazi saa 24, ningelipia kiunganishi kama edgeConnector kwa upande wa mitambo na kuibakiza Node-RED upande wa ofisi, ambako kosa lake halifiki kwenye PLC. Ignition ningeifikiria tu pale skrini za zamani zinapobadilishwa. EdgeX ningeiachia kampuni yenye wataalamu wake. HiveMQ Edge na Neuron ya EMQ nazo zipo katika kundi la viunganishi na zinastahili kujaribiwa na yeyote anayetaka kufikisha kila kitu kwa MQTT.

Vyovyote kiwanda kitakavyochagua, mkataba na msakinishaji utaje kwamba nakala ya mipangilio yote, manenosiri ya msimamizi na faili za kuanzishia kontena ni mali ya kiwanda na zinakabidhiwa siku ya kumaliza kazi, si siku ya kugombana. Vyeti vya usalama vya OPC UA vina tarehe ya mwisho, na siku vinapoisha mawasiliano hukatika ghafla bila mtambo wowote kuharibika. Tarehe hiyo iandikwe katika kalenda ya matengenezo ya karakana, kwenye ukurasa uleule wa kubadilisha beringi na mikanda.